Historia Isiyo na Masikio: Shahada ya Kwanza Mbele ya Mtaa wa Tassia

Somo la historia katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki lina maadui wengi, lakini wanaolidhuru zaidi ni watetezi wake. Adui husema wazi kwamba shahada ya historia haina soko, na kwa kusema hivyo humpa msikilizaji nafasi ya kumjibu. Mtetezi hulifunika somo kwa sifa: historia ni kioo cha jamii, historia ni mizizi ya taifa, asiyejua atokako hajui aendako. Sifa hizi zimerudiwa katika hotuba za mahafali na katika dibaji za vitabu hadi zimekuwa kama salamu, ambazo huitikiwa pasipo kusikizwa. Hazielezi mwanafunzi wa shahada ya kwanza anafunzwa kufanya kazi gani, kwa vifaa gani, na juu ya ushahidi upi. Dai la makala haya ni kwamba kazi hiyo ipo na inatajika: ni kusikiliza simulizi na kusoma hati kwa jicho la mhakiki, kwa kuuliza nani anasema, anamwambia nani, kwa maneno yapi, na kwa nini anasema sasa. Kazi hiyo ndiyo inayopewa nafasi ndogo kuliko zote katika shahada ya historia nchini Kenya, na hasara yake huonekana vizuri zaidi katika mtaa kama Tassia kuliko katika ukumbi wa mihadhara.

Hoja ya maadui haihitaji kurasa nyingi. Nchini Uganda, Rais Yoweri Museveni amewahi kudai hadharani kwamba taaluma za aina hii hazina faida, na mwaka 2022 serikali yake ilipowapandishia walimu wa sayansi wenye shahada mshahara hadi shilingi milioni 4 za nchi hiyo kwa mwezi, walimu wa masomo ya sanaa waligoma. Nchini Kenya, Mtaala wa Umilisi umeigawa sekondari ya juu katika njia tatu, na mipango ya serikali ikakadiria kwamba asilimia 60 ya wanafunzi wafuate sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, asilimia 25 sayansi za jamii, na asilimia 15 sanaa na michezo. Historia imo ndani ya ile 25, ikigombania nafasi na jirani zake. Mzazi wa Tassia anayelipa karo kutokana na kibanda cha mboga hahitaji takwimu hizo ili kumwuliza mwanawe atafanya kazi gani na shahada yake. Swali lake ni la haki, na msomi anayelicheka hajawahi kulipa karo kwa fedha za kibanda. Hata hivyo, swali hilo haliulizi kama historia ina thamani. Linauliza mwanafunzi huyo atakuwa anajua kufanya nini. Hapo ndipo mtetezi anaponyamaza na kurudi kwenye kioo chake na mizizi yake.

Tanzania yatoa mfano wa utetezi wa namna ya pili, ambao ni hatari zaidi kwa kuwa una nguvu za dola. Huko serikali ya Rais John Magufuli iliagiza Historia ya Tanzania ifundishwe kama somo la lazima, tena kwa Kiswahili, na katika mtaala wa sekondari ulioanza kutumika mwaka 2024 somo hilo likaitwa Historia ya Tanzania na Maadili. Uamuzi wa lugha unastahili pongezi, na utarejelewa. Lakini kiunganishi hicho "na" katika jina la somo kinabeba mzigo mzito. Historia ikishafungwa nira moja na maadili, jibu huwa limeandikwa kabla ya swali kuulizwa, na mwanafunzi hubakia kutafuta mifano ya kulipamba. Kenya haina sababu ya kujitapa. Tangu mtihani wa KCSE ulipoanza mwaka 1989 somo lake limeitwa Historia na Serikali, na wanafunzi wengi wanaofika chuo kikuu kusoma historia wanafika wakiwa wamezoea kuorodhesha: sababu tano za hiki, athari sita za kile. Chuo kikuu huirefusha orodha. Hakuna ubaya wowote katika kujua sababu za Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789. Ubaya umo katika kudhani kwamba sababu hizo zilipatikana zikiwa tayari zimepewa nambari.

Kwamba mambo yangeweza kuwa vingine si ndoto. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walitumwa vijijini kukusanya masimulizi ya wazee kuhusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Hawa walikuwa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Walikwenda kwa watu waliokuwa wakijua lugha zao, wakauliza, wakaandika, wakarudi na ushahidi ambao bila wao ungezikwa pamoja na wenyewe. Mradi huo ulioongozwa na John Iliffe, pamoja na utafiti wa G. C. K. Gwassa, ndio msingi wa mengi yanayojulikana leo kuhusu vita hivyo kwa upande wa waliopigana dhidi ya Wajerumani. Katika chuo hichohicho na katika miaka hiyohiyo Ebrahim Hussein aliandika tamthilia ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969.

Ni vyema kuzitazama kazi hizi mbili zikiwa bega kwa bega, kwani jambo la ajabu hujitokeza. Wanahistoria walikuwa na haraka ya kuona umoja. Nchi ilikuwa changa, na Maji Maji ilitakiwa kuwa chimbuko la taifa. Watafiti wa baadaye wamewalaumu kwa haraka hiyo, na lawama hiyo ina ukweli. Mtunzi, ambaye hakudai kwamba mhusika wake ni yule wa historia, ndiye aliyeutilia shaka umoja huo mapema. Kinjeketile wake anazidiwa na neno lake mwenyewe. Neno linatoka kinywani mwake, linashikwa na watu wenye haja zao, linakuwa na nguvu asizoweza kuzizuia. Hilo ni somo la mbinu ya historia kuliko sura nyingi za vitabu vya mbinu: simulizi likishasemwa lina maisha yake, na anayelikusanya miaka 60 baadaye anakusanya pia maisha hayo. Mwanafunzi aliyesoma tamthilia hiyo kabla ya kwenda kumhoji mzee angeuliza maswali bora. Lakini leo tamthilia hiyo inasomwa katika idara moja na vita vyenyewe katika idara nyingine, na wanafunzi wa pande hizo mbili hukutana kwenye mkahawa tu.

Sasa Tassia. Msomaji asiyeujua mtaa huo anaweza kuuona kama mahali pasipo na historia: maghorofa ya kupanga yaliyobanana, barabara ya vumbi au tope kutegemea majira, mikokoteni ya mitungi ya maji, na matatu zinazopigania abiria kuelekea Barabara ya Outer Ring. Wanafunzi wengi wa vyuo vya Nairobi hupanga katika mitaa ya aina hii kwa sababu kodi yake inavumilika. Huamka humo, husafiri hadi mjini kujifunza historia, kisha hurudi humo kulala. Hakuna katika masomo yao kinachowaambia kwamba wametoka nyumbani kwa historia na kwenda kuitafuta ugenini.

Kilomita chache kutoka Tassia upo uwanja wa ndege wa Embakasi, uliofunguliwa mwaka 1958 na ambao leo una jina la Jomo Kenyatta. Uwanja huo ulichimbwa na wafungwa, wengi wao watu waliokamatwa katika miaka ya Hali ya Hatari. Tarehe 24 Aprili 1954 maelfu ya askari waliizingira Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil, wakaipekua mitaa ya Waafrika upande wa mashariki, na makumi ya maelfu ya watu wakazuiliwa. Baadhi ya nguvukazi ya Embakasi ilitokana na mfumo huo wa vizuizi na magereza. Abiria anayetua leo hutua juu ya jasho lao, na mkazi wa Tassia husikia ngurumo za ndege zao usiku kucha.

Ni nani aliyeyajua hayo, na aliyajuaje? Jibu linafaa kufunzwa katika muhula wa kwanza. Serikali ya Kenya haikuondoa marufuku ya kisheria dhidi ya Mau Mau hadi mwaka 2003. Maina wa Kinyatti, mhadhiri wa historia aliyekuwa akikusanya nyimbo na masimulizi ya wapiganaji, alikamatwa mwaka 1982 akafungwa miaka sita. Mwaka 2009 wazee wa Kenya walifungua kesi katika Mahakama Kuu ya London. Miongoni mwao walikuwamo Ndiku Mutua, Paulo Nzili, Wambugu wa Nyingi na Jane Muthoni Mara. Walikuja na miili yao na maneno yao. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa na shehena ya majalada ya kikoloni yaliyofichwa huko Hanslope Park, na wanahistoria walioitwa kama mashahidi waliyasoma majalada hayo sambamba na simulizi za wazee. Mwezi wa Juni 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228. Anayesema kwamba historia haina soko angeanza kwa kuieleza hesabu hiyo. Lakini anayeitetea historia angeeleza pia jambo linaloaibisha: wanahistoria watatu waliotoa ushahidi huo wa kitaalamu, David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett, wote walitoka katika vyuo vya ng'ambo.

Mtaa wenyewe ni wa baadaye, na simulizi zake bado zina joto. Ardhi ya Tassia ilikuwa mali ya Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF, na watu walijenga juu yake kabla ya mambo ya umiliki kunyooka. Magazeti na kumbi za kamati za bunge ziliwaita watu hao maskwota. Hazina yenyewe hatimaye iliamua kuwauzia ploti. Mradi wa barabara na maji taka uliokusudiwa Tassia ya pili, wenye zabuni ya takriban shilingi bilioni 5, ulizua kishindo mwanzoni mwa mwaka 2014. Francis Atwoli wa COTU na wenzake wa upande wa waajiri waliupinga, na ubishi ukageuka kuwa ubishi juu ya kumbukumbu za mikutano: je, bodi iliidhinisha mradi au haikuidhinisha? Hilo ni swali la uhakiki wa hati kwa maana yake halisi. Taifa zima lilibishana juu ya kumbukumbu za mkutano na maana yake, wakati maelfu ya wanafunzi wa historia walikuwa wakinakili kwamba hati ni "chanzo cha msingi".

Tena kuna lugha ya simulizi zenyewe. Mkazi anaweza kusema "nilinunua", mwingine "tulipewa", mwingine "tuliingia", na ripoti ikasema "ardhi ilivamiwa". Mwanafunzi wa fasihi wa mwaka wa pili angepaswa kuona mara moja kwamba vitenzi hivi havibebi habari zilezile. "Nilinunua" kina nafsi moja na kinadai risiti. "Tulipewa" ni kauli ya kutendwa, inayomficha mtoaji kwa adabu au kwa woga. "Tuliingia" kina wingi ndani yake, na wingi huo ni kinga. "Ilivamiwa" kinaiweka ardhi mbele na kuwafuta waliokuwa juu yake. Historia ya ardhi ya Nairobi mashariki imo katika tofauti hizi nne. Mwanafunzi wa historia anayezitafsiri zote kwa neno moja la Kiingereza, kwa kuwa tasnifu yake sharti iwe ya Kiingereza, ameuharibu ushahidi wake kabla ya kuutazama, na hakuna mtahini atakayemwadhibu kwa sababu mtahini hatauona uharibifu huo.

Suala la lugha, basi, haliwezi kuahirishwa. Katiba ya Kenya ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, lakini historia ya Kenya hufundishwa vyuoni kwa Kiingereza, hutahiniwa kwa Kiingereza na huandikwa kwa Kiingereza. Husemwa kwamba Kiswahili hakina istilahi. Tanzania imethibitisha kwamba historia inaweza kufundishwa kwacho, hata kama imekipa kazi ya mahubiri. Husemwa pia kwamba vyanzo vimeandikwa kwa Kiingereza. Vyanzo vya serikali, ndiyo. Lakini habari za miji ya pwani, tenzi za vita na mashairi ya Muyaka yaliyobishana na Zanzibar ni vyanzo vya Kiswahili, na mwanafunzi wa historia akikutana navyo hukutana navyo katika tanbihi ya mtu mwingine. Kuhusu Eastlands hali ni ya kusikitisha zaidi. Kitabu cha Luise White, The Comforts of Home, kilichochapishwa mwaka 1990, kilieleza maisha ya wanawake waliojenga nyumba na mali katika Pangani na Pumwani ya kikoloni, na kiliegemea mahojiano na wazee, wengi wao wanawake. Ni kazi kubwa. Inabidi kuuliza kwa nini ilimngoja Mmarekani, ilhali vyuo vya Nairobi viko umbali wa kutembea kwa miguu.

Mtafiti huyohuyo alirudi mwaka 2000 na Speaking with Vampires, kitabu kuhusu uvumi wa wanyonya damu, ambao Afrika Mashariki imewajua kama mumiani au wazimamoto. Mwanahistoria wa kawaida angeutupa uvumi huo kwa kuwa ni uongo. White aliusoma jinsi mhakiki asomavyo hadithi: kwa nini ni zimamoto, kwa nini ni damu, kwa nini ni usiku, na msimulizi anajieleza nini anapomweleza mwingine? Akauona ndani yake mji wa kikoloni ulivyohisiwa na waliokuwa chini yake. Wanahistoria wanaoogopa kwamba fasihi itawatia chumvi katika somo lao wangefikiria mfano huo kabla ya kufunga milango. Chumvi nayo ni ushahidi, kwa anayejua kuipima.

Wahakiki wa fasihi wasishangilie mapema, maana wao pia wana deni. Makala mengi ya uhakiki wa riwaya ya Kiswahili hufungua kwa aya mbili za "usuli wa kihistoria", zilizochukuliwa katika kitabu cha shule, kisha historia haionekani tena. Shafi Adam Shafi aliandika Kuli kuhusu mgomo wa wachukuzi wa bandarini Zanzibar wa 1948. Ni wahakiki wangapi waliowahi kuuliza magazeti ya mwaka huo yaliuelezaje mgomo huo, au wazee wa bandari waliukumbuka vipi? Kusema kwamba riwaya "inaakisi jamii" ni salamu nyingine isiyosikizwa. Marehemu Bethwell Ogot, aliyefariki Januari 2025, alijenga usomi wake juu ya masimulizi ya Wajaluo wakati ambapo wengi walidai kwamba masimulizi si historia. Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipotaka mwaka 1968 Idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe, waliweka fasihi simulizi katikati ya hoja yao. Pande zote mbili zilikuwa zimeelekea mahali pamoja. Warithi wao walijenga ukuta hapo.

Kinachodaiwa si kikubwa. Kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya historia na atakiwe, katika mwaka wa pili, kuchukua kozi moja ya uhakiki wa masimulizi ifundishwe kwa pamoja na idara ya Kiswahili au ya fasihi. Achague mtaa mmoja. Anayeishi Tassia achague Tassia. Akusanye simulizi kumi za jinsi watu walivyofika hapo, aziandike neno kwa neno katika lugha zilizosemwa, Sheng ikiwamo, na azifasiri kwa Kiswahili panapohitajika. Azisome sambamba na hati zinazopatikana: barua za kugawiwa ploti, risiti za vikundi, kumbukumbu za bunge, hukumu za mahakama, majalada ya Makavazi ya Taifa. Aandike insha yake kwa Kiswahili. Ghorofa sita zilipoporomoka Tassia tarehe 6 Desemba 2019 na kuua watu, maswali yaliyofuata yalikuwa nani alijenga, nani aliidhinisha, lini, na kwa hati gani. Kwa mzazi mwenye kibanda, hilo ni jibu analoweza kulipima: mwanawe atajua kuyauliza maswali hayo na kuyatambua majibu ya uongo. Kifungu cha 67 cha Katiba kinaipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria kuhusu ardhi. Madai ya namna hiyo yanahitaji mtu wa kuyaandaa, na hadi sasa kazi hiyo imeachiwa mawakili, ambao hufika na kutoza.

Kutakuwa na pingamizi kwamba ratiba imejaa na bajeti ni ndogo. Kijana aliyekuwa na miaka 20 akibeba mawe Embakasi mwaka 1956 angefikisha miaka 90 mwaka 2026, na waliojenga vyumba vya kwanza vya Tassia wanazidi kurudi mashambani kustaafu. Kozi yenyewe yahitaji nauli ya matatu, kinasa sauti kilichomo tayari katika simu ya mwanafunzi, na mhadhiri wa historia aliye radhi kusahihisha kwa Kiswahili. Nauli na simu zipo.